Mwisho wa kwanza wa Will & Grace haukustahili kufutwa

Tarehe 28 Septemba 2017 tamthilia ya vichekesho ya Will & Grace ilirudi hewani katika kituo cha NBC cha Marekani baada ya kimya cha miaka 11, na jambo la kwanza ililolifanya lilikuwa kuukana mwisho wake yenyewe. Wahusika wake wanne walikuwa sebuleni mwa Will kana kwamba hawakuwahi kuondoka, huku Karen akiwa amezama katika usingizi wake wa macho wazi, ule unaoletwa na pombe iliyochanganywa na vidonge. Alipozinduka, ikadhihirika kwamba aliwaona Will na Grace wakiwa na watoto, kila mmoja na wa kwake, na wenzake wakamweleza kwamba hayo hayakuwahi kutokea. Watazamaji waliokuwa studioni wakacheka sana. Hivyo ndivyo saa nzima iliyoandikwa mwaka 2006 kwa ajili ya kuwaaga wahusika hao ilivyogeuzwa, kwa mzaha wa dakika chache, kuwa ndoto ya mlevi.

Mimi sikucheka. Nimeitazama tamthilia hii yote, misimu minane ya awamu ya kwanza na mitatu ya awamu ya pili, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba saa ile iliyofutwa ndiyo iliyosema ukweli mwingi zaidi kuhusu marafiki wa karibu kuliko vipindi vingine vyote. Tena naona kwamba awamu ya pili, baada ya kuifuta kwa kishindo, ilitumia misimu mitatu kurudi palepale ilipofikia, isipokuwa sehemu iliyouma iliachwa nje ya mlango.

Kwa asiyeifahamu, Will & Grace ilianza kuoneshwa tarehe 21 Septemba 1998 na ikamalizika, kwa mara ya kwanza, tarehe 18 Mei 2006. Walioibuni ni David Kohan na Max Mutchnick, na mbegu yake ilitokana na urafiki wa kweli kati ya Mutchnick na mwanamke aliyefahamiana naye tangu ujanani. Will Truman, anayeigizwa na Eric McCormack, ni mwanasheria wa New York aliye nadhifu kupita kiasi. Grace Adler, anayeigizwa na Debra Messing, ni mbunifu wa mapambo ya ndani mwenye njaa isiyoisha na ubinafsi anaousamehewa kila mara. Jirani yao ni Jack McFarland, mwigizaji asiyepata kazi ya kuigiza, ambaye Sean Hayes alimpa mwili unaocheza hata anapokuwa amekaa. Wa nne ni Karen Walker wa Megan Mullally, mke wa tajiri, ambaye ameajiriwa katika ofisi ya Grace lakini hundi zake za mshahara haendi kuzichukulia fedha, kwa kuwa hazihitaji na kazi yenyewe haifanyi. Waigizaji wote wanne walishinda tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, jambo ambalo ni tamthilia chache mno za vichekesho zinaweza kujivunia, na kila kipindi, cha awamu zote mbili, kiliongozwa na mtu mmoja, James Burrows. Huyu ni mzee aliyeshiriki kuibuni tamthilia ya vichekesho ya Cheers na ambaye mkono wake umepita katika nyingine kama Frasier na Friends pia, kwa hiyo alijua vizuri namna ya kuwapanga watu sebuleni wakarushiana maneno bila kugongana.

Will na Jack ni wanaume wanaovutiwa na wanaume wenzao, ingawa wao wawili si wapenzi. Katika nyumba nyingi za huku kwetu hilo peke yake linatosha kumfanya baba mwenye nyumba aombe rimoti. Sina nia ya kuligeuza andiko hili kuwa mjadala wa suala hilo, lakini siwezi kulificha, maana tamthilia nzima imesimama juu yake: Will na Grace ni watu wawili walio karibu kama mume na mke, ambao hawawezi kuwa mume na mke. Nchini kwao uzito wa jambo hilo ulitambuliwa hadi ngazi za juu, kwani Mei 2012 Joe Biden, akiwa Makamu wa Rais, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba huenda Will & Grace iliwaelimisha Wamarekani kuhusu suala hilo kuliko karibu jambo lingine lolote lililokuwa limefanywa.

Kipindi cha kwanza kabisa kinalionesha hilo bila hotuba. Grace amemkimbia bwana harusi siku ya harusi, na sasa amekaa baa na Will, gauni jeupe likiwa bado mwilini. Wateja wa baa, wasiojua lolote, wanadhani hao ndio maharusi wenyewe na wanaanza kuwashangilia wabusiane. Wanabusiana. Kisha Grace anamtazama Will kwa makini, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, na kumuuliza kama amehisi chochote. Will anamwomba radhi. Kila kilichofuata kwa miaka minane ni maelezo ya radhi ile, nami sijaona tamthilia nyingine ya vichekesho iliyotaja masharti yake mapema kiasi hicho.

Niliipata kwa njia ambayo wengi wa rika langu hapa Moshi walizipata tamthilia za nje, yaani kwa DVD za kuchoma zilizokuwa zikiuzwa vibandani jirani na stendi, zile ambazo sahani moja hubeba misimu miwili au mitatu na jalada lake lina picha ya tamthilia nyingine kabisa. Kwa hiyo niliifikia saa ya mwisho ya mwaka 2006 ikiwa imekwisha kuoneshwa zamani huko kwao, bila kelele za magazeti na bila kujua kwamba watazamaji wengi waliichukia.

Naieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Grace ni mjamzito, na yeye na Will wamepanga kumlea mtoto pamoja. Kisha Leo, mume aliyeachana naye na ambaye ndiye baba wa mtoto, anarudi, na Grace anamfuata. Will anaachwa na chumba cha mtoto na mipango isiyo na mwenyewe. Wanaacha kuongea. Baada ya miaka miwili Jack na Karen wanawafanyia hila ili wakutane. Wanakutana, wanaombana radhi, wanaoneshana picha za watoto. Grace sasa ana binti, Lila, naye Will ana mwana, Ben, anayemlea pamoja na mwenzi wake Vince. Mtazamaji anatulia, akidhani dhoruba imepita. Lakini maisha ya kila mmoja yamekwisha kujaa, nafasi ya yule mwingine imekwisha kuzibwa na ratiba za kulaza watoto, na ile ahadi ya kutafutana inapotea polepole bila mtu yeyote kuivunja. Inapita miaka mingine kumi na kitu. Wanaonana tena siku ya kuwapeleka watoto chuoni, kwa sababu Lila na Ben wamepangiwa vyumba vya bweni vinavyotazamana. Ni watoto wanaowarudisha wazazi, na wazazi wanarudi wakiwa na mvi.

Mambo mengine ya saa hiyo ni ya kupita tu. Karen anafilisika, Jack anarithi mali ya mtu mfupi aliyepeperushwa na upepo kutoka roshani, na kadhalika. Waandishi walihitaji kuchekesha, wakachekesha.

Kilichonishika ni kwamba hakuna msaliti. Grace hakukosea kurudi kwa mume wake, wala Will hakukosea kuumia, na hata ule upatanisho haukushindikana kwa chuki bali kwa uchovu. Mtu anayeishi Moshi hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Kila Desemba mji huu unajaa watoto wake wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Magari yanapanda kuelekea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo yakiwa na magunia ya mchele juu, na kwa wiki mbili watu waliokulia migomba ileile wanakutana kila wanapogeuka. Mkesha mmoja wa Krismasi nilikuwa buchani, nikisubiri zamu yangu, wakakutana mbele yangu wanawake wawili ambao ninajua kwa hakika kwamba walipokuwa wasichana hawakuachana hata kwenda kuteka maji.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, za huko?"

"Za huko njema. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa yuko kidato cha tatu."

"Ee, wamekua."

Kisha yule wa kwanza akamgeukia muuza nyama na kumwambia amkatie kilo tatu, ya mtori awekewe mifupa. Hawakuwa wamegombana. Aliyewaona bila kuwafahamu angesema ni watu wanaoheshimiana sana. Ile saa ya mwaka 2006 iliwachukua watu wawili tuliowapenda ikawafikisha mahali hapo, na ikatuacha tuwatazame. Sijui tamthilia nyingine ya vichekesho ya marafiki iliyothubutu. Nyingi huishia kwenye mlango unaofungwa taratibu, kila mtu akiwa na mpenzi wake na ahadi kwamba wataonana.

Namna tamthilia ilivyofufuka inaeleza kwa nini saa hiyo haikuwa na wa kuitetea. Septemba 2016, Marekani ikielekea kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba, waigizaji wanne walikutana kutengeneza filamu fupi ya dakika kama kumi ya kuwahimiza watu wakapige kura, ikasambazwa kwenye intaneti. Sebule ile ya Will ilikuwa bado ipo, haikuwa imetupwa, na waigizaji waliposimama ndani yake mzaha wao ulirudi mara moja, kasi ileile na mapigo yaleyale. Januari 2017 NBC ikatangaza kuwarudisha. Ukitazama asili hiyo utaona kwamba kilichofufuliwa hakikuwa hadithi. Kilichofufuliwa ni watu wanne na sebule moja. Hadithi ilionekana kuwa kikwazo, kwa sababu ilikuwa imewatawanya watu hao kwa karibu miaka 20 na kuwapa watoto ambao hakuna aliyejua wawekwe wapi.

Sababu hiyo naielewa. Huwezi kumuita mtazamaji arudi kwa watu wanne wanaochekeshana halafu ukamwonesha wawili wasiosalimiana. Hata hivyo, kulikuwa na njia ya tatu ambayo haikujaribiwa: kuwaacha wakutane wakiwa watu wazima waliokwisha kupoteza miaka, na kuwafanya waulipe urafiki wao upya mbele yetu, kichekesho baada ya kichekesho. Waigizaji hao wangeliweza. McCormack hasa ana kipaji cha kuumia huku anatabasamu, kipaji ambacho awamu ya pili ilikitumia kidogo mno. Badala yake kipindi cha kwanza cha mwaka 2017 kiliwapeleka Ikulu ya Marekani, ambako Grace alipewa kazi ya kuipamba upya ofisi ya Rais, na mizaha mingi ya siku hiyo ilihusu siasa za mwezi ule. Imechuja haraka kuliko ya mwaka 1998.

Mahali pekee ambapo awamu ya pili ilinifunga mdomo ni pale iliposhindwa kudanganya. Rosario, mtumishi wa nyumbani kwa Karen, aliigizwa na Shelley Morrison, aliyeletwa mwanzoni kwa kipindi kimoja tu na akabaki kwa miaka kwa sababu yeye na Mullally walitukanana kwa utamu usio na mfano. Kufikia mwaka 2017 Morrison alikuwa amestaafu uigizaji. Waandishi wangeweza kusema Rosario amehama, au wasingesema lolote. Waliamua afariki. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho Karen anakataa kuomboleza. Anatoa amri, anadharau maua, anawafokea wanaotaka kumshika mkono. Mwishoni anabaki peke yake na jeneza, na anaongea na Rosario kwa ukali uleule wa siku zote, yale matusi yao ya kila asubuhi, ila safari hii hakuna anayemjibu. Mullally anaacha nafasi ya jibu. Ni pengo dogo, kama pumzi moja, mahali ambapo kwa miaka minane palikuwa na sauti ya Morrison ikirudisha tusi kubwa zaidi. Morrison mwenyewe alifariki Desemba 2019, kabla tamthilia haijafika mwisho wake wa pili.

Ilifanya vivyo hivyo, kwa upole zaidi, kwa Debbie Reynolds, aliyekuwa mama yake Grace na ambaye alifariki Desemba 2016, kabla ya kurudi hewani. Mama yake Grace naye hayupo tena, na baba na binti wanapaswa kuketi mezani bila yeye. Katika visa hivyo viwili tamthilia ilikubali kwamba miaka 11 imepita na kwamba imewachukua watu. Haikuweza kuwafanya ndoto ya Karen. Ndipo najiuliza kwa nini wafu waliruhusiwa kuwa kweli ilhali ukimya wa marafiki wawili walio hai haukuruhusiwa.

Kisha ukaja mwisho wa pili, tarehe 23 Aprili 2020, wakati dunia imejifungia ndani kwa sababu ya korona. Baada ya vipindi 52 vya awamu ya pili, Grace ni mjamzito. Will naye anajiandaa kuwa baba. Wale watoto wawili waliofutwa katika dakika za kwanza za mwaka 2017 wamerudi, kwa majina mengine au bila majina, na Grace anashikwa na uchungu huku wenzake watatu wakiwa kando yake. Nilipofika hapo nilitikisa kichwa. Waandishi, walipoachwa waifuate hadithi yao hadi inapokwenda yenyewe, walifika kwenye watoto kama walivyofika mara ya kwanza, kwa kuwa watu hawa wawili walikuwa wakizungumzia kulea pamoja tangu zamani. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna Leo wa kurudi, hakuna chumba kinachobaki kitupu, hakuna miaka ya kutotafutana. Watoto wamepatikana bila gharama. Kwa mtu aliyeiona saa ya mwaka 2006, furaha hiyo ina harufu ya rangi mbichi.

Nitasema kwa haki kwamba wengine walikwepa mtego huu kwa kukaa mbali nao. Waigizaji sita wa Friends, iliyomalizika mwaka 2004, walikutana Mei 2021 katika kipindi maalumu, lakini walikuja kama wao wenyewe, wakakaa katika seti ya zamani na kukumbushana, bila kuwafanya wahusika wao waendelee kuishi. Wengi walilalamika wakati ule kwamba wamenyimwa. Matthew Perry alipofariki Oktoba 2023, sidhani kama kulikuwa na aliyeendelea kulalamika.

Mdogo wangu anayeishi Arusha, ambaye ndiye niliyemrithisha zile DVD, hakubaliani nami hata kidogo. Yeye anaipenda zaidi awamu ya pili, na mwisho wake anautetea kwa nguvu. "Dada, mimi natoka kazini jioni, nimepanda daladala mbili, nimekuta maji yamekatika," aliniambia tulipozungumza kwa simu wiki iliyopita. "Sitaki kuoneshwa watu wasiosalimiana. Hao ninao mtaani." Hoja yake ina uzito, tena anaisema vizuri kuliko wachambuzi wengi. Alinikumbusha pia kwamba mwaka 2006 watazamaji walikuwa wamekaa na watu hawa kwa miaka minane, na kwamba kumwachanisha mtu na rafiki aliyemzoea kiasi hicho, tena usiku wa kuagana, ni adhabu ambayo hakuifanyia kosa. Nilimjibu kwamba si adhabu, akanijibu kwamba mimi napenda kuhuzunishwa, na tukaendelea hivyo hadi salio likakaribia kwisha. Kabla hatujaagana nilimuuliza ni kipindi kipi cha awamu hiyo ya pili anachokirudia mara nyingi. Alinyamaza kidogo, kisha akataja kile cha Rosario.